DAMU INAPITA WAPI?



Mara mingi tunasikia: "Baba yule hana damu." Akipanda kilima kidogo, moyo unapiga mbio. Labo inasema hemoglobini iko 8 na chuma mwilini imekwisha. Jamaa inauza mbuzi, inanunua vidonge vya chuma, damu inapanda. Kisha miezi sita, inashuka tena. Hapo watu wanaanza kunong'ona juu ya ulozi. Hapana! Ndoo yenye tundu haijai hata ukimwanga maji kila siku. Kwanza utafute tundu.

Mwanamke kijana anaweza kupoteza damu kwa mwezi ao kwa kuzaa. Lakini mwanaume, ao mama aliyekwisha kukoma kwenda mwezini, damu yake inapita wapi? Mara mingi ni ndani ya tumbo, pole pole, bila maumivu, bila kuonekana katika choo.

Kwa hiyo waganga wanafanya endoskopi. Ni mupira mwembamba wenye taa na kamera. Mumoja unapita kinywani mpaka tumboni, kutafuta kidonda na mikrobe Helicobacter pylori, ambayo Warren na Marshall wa Australia walitambua karibu na mwaka 1982. Mwingine unapita nyuma, kuangalia utumbo mukubwa, maana kansere inaweza kuvuja damu mbele ya kuleta maumivu. Mwaka 2020 waganga wa tumbo wa Marekani walishauri watu hao wapimwe pande zote mbili.

Siye wa migodi, tusisahau minyoo ya safura. Mwaka 1880, wachimbaji wa njia ya reli chini ya mlima Gotthard, Uswisi, waliishiwa damu. Perroncito wa Italia alionyesha ni minyoo hii, inayoingia kwa ngozi ya miguu na kunyonya damu utumboni. Kupima choo ni bei kidogo: tusiache.

Endoskopi haiko pahali pote, na inaomba feza. Lakini maulizo hayaombi feza. Unameza aspirini ao dawa ya maumivu kila siku? Umekonda? Choo ni cheusi sawa makala? (Vidonge vya chuma pia vinafanya hivyo, umwambie munganga kama unavimeza.)

Wamama, baba asimalize kopo la tatu la vidonge mbele ya kumuuliza munganga: damu hii inapita wapi?