Mtegemea cha Nduguye

Mtu akitaja reli mbele ya wazee wa Nachingwea, hakosi kusikia habari za karanga. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga nchini, na Nachingwea ikawa mojawapo ya sehemu zake. Reli ikajengwa kutoka pwani kwa ajili ya zao hilo. Mwaka 1951 mradi ukavunjwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Reli haikuwa na kosa. Iliegemea kitu ambacho hakikupimwa vya kutosha.

Kisa hicho kinawafaa vijana wetu wanaojifunza kutunga programu za simu. Tuseme kijana wako huko Ruangwa anatunga programu ya kumwezesha mkulima wa korosho kupiga picha stakabadhi yake ya ghalani na kuihifadhi. Anatumia Flutter, chombo cha kampuni ya Google ambacho toleo lake la 1.0 lilitolewa mwaka 2018. Hatungi kila kitu mwenyewe. Kamera huiendesha kwa programu-jalizi iliyotungwa na mtu mwingine. Kuhifadhi picha, kwa jalizi nyingine. Nazo jalizi hizo zina nyingine zinazozitegemea.

Hapo ndipo matata huanzia. Jalizi moja yaweza kudai toleo la 1 la kipande fulani, na nyingine ikadai toleo la 2 la kipande hicho hicho. Flutter haikubali yote mawili, na kazi husimama. Pengine mwenye kipande hukiondoa kabisa. Machi 2016 mtungaji Azer Koçulu aliondoa left-pad, kipande cha mistari 11 tu, katika ghala la npm. Kazi za watungaji wengi duniani zilikwama mpaka kiliporudishwa.

Afanyeje basi? Kwanza, asiongeze jalizi kabla ya kujua ni nani anayeitunza na ilirekebishwa lini. Jambo la mistari michache aliandike mwenyewe. Pili, aelewe alama anazoandika katika faili la pubspec.yaml: ^1.2.0 hukubali 1.3.0, lakini hukataa 2.0.0. Tatu, alitunze faili la pubspec.lock, lenye matoleo kamili yaliyotumika, ili mwenzake aliyeko Nachingwea aunde programu ile ile. Nne, abadilishe jalizi moja moja na kuijaribu simuni kabla ya msimu wa minada, si katikati yake.

Mkulima aliyesimama ghalani huku picha ya stakabadhi yake haifunguki hatauliza ni jalizi ipi iliyoharibika. Atamwuliza kijana wako.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Katika kazi hii hakuna asiyetegemea cha nduguye. Basi na amjue nduguye huyo ni nani.