Hukumu juu ya Watu Wazima wenye Usonji

Wahenga walisema kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Methali hii yajulikana na kila mwanafunzi wa Kiswahili, lakini ni wachache waikumbukao wakutanapo na mtu mzima mwenye usonji katika vichochoro vya Tandika, Mbagala au Mwananyamala. Hapo methali huachwa, na mahali pake huja majina matatu: zezeta, taahira, punguani. Jina la mwisho lafunua siri ya yote, maana punguani ni mtu aliyepungua. Swali lililo mbele ya wasomi ni moja: amepungua nini?

Wamhukumuo husema mambo mawili, kwamba hawezi kufikiri na kwamba hana hisia za wenzake. Madai haya hayakuzaliwa mitaani tu; vitabu navyo viliyalea. Mwaka 1943 Leo Kanner aliwaeleza watoto 11 huko Marekani. Mwaka 1985 Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith walichapisha jaribio la wanasesere wawili. Mmoja aweka gololi kikapuni na kuondoka. Mwenziwe aihamishia sandukuni. Mtoto huulizwa: arudipo, mwenye gololi ataitafuta wapi? Watoto 16 kati ya 20 wenye usonji walikosea. Tangu hapo ikavumishwa kwamba mwenye usonji hajui kuwa mwingine ana mawazo yake. Wanne waliojibu sawasawa walisahauliwa, na ikasahauliwa vilevile kwamba walioulizwa walikuwa watoto. Hivyo mtu wa miaka 35 wa Temeke huhukumiwa kwa gololi ya mtoto wa London.

Elimu ya baadaye haikuithibitisha hukumu hiyo. Mwaka 2012 Damian Milton, msomi wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alitoa hoja kwamba kutoelewana kuna pande mbili: asiye na usonji naye hamwelewi mwenye usonji. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake waliwapanga watu wanane wanane, kila mmoja ampokeze mwenziwe hadithi. Wenye usonji watupu waliihifadhi hadithi sawa na wasio nao. Makundi yaliyochanganywa ndiyo yaliyopoteza zaidi. Jaribio kubwa zaidi la mwaka 2025 halikuona tofauti baina ya makundi yote matatu. Katika majaribio yote mawili, wenye usonji hawakuwa nyuma walipozungumza wao kwa wao.

Ama kuhusu hisia, Geoffrey Bird na Richard Cook walieleza mwaka 2013 kwamba ugumu wa kuzitambua hutokana na hali nyingine, aleksithimia, iwapatayo baadhi ya wenye usonji na baadhi ya wasio nao. Mtu ashindwaye kuitaja huzuni yake hakukosa huzuni. Amekosa jina lake.

Zaidi ya hayo, vipimo vina adabu za watu waliovitunga. Huko Ulaya na Marekani macho yasiyomtazama msemaji huhesabiwa kuwa dalili. Uswahilini kijana amkodoleaye macho mzee huambiwa hana adabu. Basi jambo lile lile ni kasoro kwa kipimo kimoja na heshima kwa kingine. Hii si kusema kwamba usonji ni uzushi wa wageni: mwaka 2006 watafiti walichapisha habari za watu 20 wa Tanzania, na 14 kati yao walitimiza masharti ya usonji. Hali ipo, kinachokosekana ni kipimo cha haki. Wala adabu za Kiswahili zenyewe hazina mikono safi. Asiyeitikia salamu huhukumiwa papo hapo, bila kuulizwa kama honi za daladala, kelele za makondakta na vipaza sauti vya Mbagala Rangi Tatu vimemziba masikio.

Watakuwapo watakaosema kwamba maneno haya yawafaa wachache wasemao vizuri, na kwamba wapo wengine wasiosema kabisa, wanaolishwa na kuogeshwa na mama waliokwisha kuzeeka. Hoja hii ni nzito, na mzigo wa mama hao ni wa kweli. Lakini kuhitaji msaada si kukosa utu. Tena yule asiyesema ndiye aumizwaye zaidi na hukumu hii, kwani mtu adhaniwaye hana hisia hufungiwa chumba cha uani, wala hapana adhaniye kwamba anateseka.

Dar es Salaam ina shule za msingi zenye vitengo vya watoto hawa, Msimbazi Mseto ikiwa mojawapo. Lakini mtoto hukua. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aajiri watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Mlango huo hufungwa na usaili: mwombaji hupimwa kwa kukaza macho, kucheka wachekapo wengine na kujisifu kwa kiasi, hata kama kazi yenyewe ni kuhesabu bidhaa ghalani. Apewe bidhaa azihesabu. Hapo ndipo atakapojulikana.

Kwa wanafunzi na walimu wa Kiswahili wajibu u wazi. Neno usonji lipo, basi punguani liachwe. Vipimo vitungwe kwa Kiswahili, vifuate adabu za Waswahili, viwapime watu wazima kwa mambo ya watu wazima. Na wenye usonji wenyewe waulizwe kwanza, wasemao kwa vinywa vyao, na wasiosema kwa njia yoyote wawezayo.