Mkutubi wa wilayani naye apewe kiti

Chai ya saa nne ndipo kongamano la wakutubi linapochangamka. Ukumbini mada zimesomwa mbiombio. Nje, penye birika na sambusa, mkutubi mmoja anamuuliza mwenzake anazuiaje mchwa wasipande rafu za mbao, na jibu analiandika palepale nyuma ya ratiba. Maarifa ya namna hiyo hayamo kitabuni, na ndiyo yanayostahili nauli ya basi.

Tatizo ni nani anayelipiwa nauli hiyo. Barua ya mwaliko mara nyingi hukomea makao makuu. Huenda mkurugenzi, au afisa ambaye miaka imepita hajagonga mhuri wa tarehe ya kurudisha kitabu. Anayeshinda kaunta wilayani hubaki kaunta, na taarifa ya safari ikiandikwa huishia kwenye faili.

Si haki, na ni hasara. Fasihi ya Kiswahili ni mfano mzuri. Katika mfumo wa Dewey, uliobuniwa Marekani mwaka 1876, fasihi ya Kiingereza imepewa 820. Ya Kiswahili imesukumwa hadi 896.392. Namba hiyo ndefu lazima ibandikwe kwenye mgongo wa kijitabu cha mashairi chenye unene wa kidole kidogo, na haienei. Lebo hukunjwa, hubanduka, kijitabu kikapotelea rafuni. Anayelijua hilo ni yule anayebandika lebo, si anayesaini barua.

Vivyo hivyo na maktaba ya ngamia iliyoanza Garissa mwaka 1996, ikiwafuata wafugaji kwa masanduku ya vitabu na hema la kusomea. Dunia nzima imeisifu. Lakini ni kisanduku gani kinachomchubua mnyama, na watoto huvigombania vitabu gani kwanza? Hayo aulizwe anayetembea na msafara.

Nafasi za kukutana zipo. IFLA, shirikisho la kimataifa la maktaba lililoasisiwa Edinburgh mwaka 1927, lilifanya mkutano wake mkuu Nairobi mwaka 1984. Kanda nayo ina SCECSAL, inayovikutanisha vyama vya wakutubi vya Afrika Mashariki, Kati na Kusini kila baada ya miaka miwili. Mwaka 2018 zamu ilikuwa ya Entebbe. Maktaba za umma za Tanzania na Kenya ni ndugu wa karibu: sheria ya Tanganyika ilipitishwa mwaka 1963, ya Kenya mwaka 1965. Matatizo yao yanafanana, na mchwa hawajui mpaka.

Watasema fedha hazitoshi. Ni kweli, bajeti za maktaba ni finyu, na hiyo ndiyo sababu ya kuzitumia kwa anayerudi na kitu cha kufanyia kazi kesho yake asubuhi. Mikutano ya kitaifa ihame hoteli za gharama. Bagamoyo kuna chuo cha ukutubi, na chuo kina madarasa. Katika kila viti vitatu vya ujumbe, kimoja kiwe cha mtu wa tawi. Akirejea, ndani ya mwezi mmoja akae na wenzake wa mkoa awaeleze alichokiona.

Na akipanda jukwaani asilazimishwe Kiingereza. Wasomaji wake humuuliza kwa Kiswahili kutwa nzima. Naye aseme kwa Kiswahili, kile kijitabu cha mashairi kikiwa mkononi, lebo ikining'inia.