Mwache Aimbe Huzuni Yake

Tangu mwaka 1993, vita vilipoanza Ntoto katika Walikale na kuingia Masisi, watu wetu wamekimbia mara nyingi. Mioyo yaumwa, na dawa ya malaria haifiki huko. Katika Hospitali ya Panzi, Bukavu, wanawake waliotendewa jeuri wametunga nyimbo zao wenyewe kwa pamoja, mshauri akiwa kati yao. Nasema tufanye vivyo hivyo, ngoma tunazo. Lakini isiwe kwaya. Kwaya huchagua sauti nzuri. Hapa hata sauti inayokwaruza yafaa. Wala mzee wa kanisa asimlazimishe mtu amalize wimbo wake kwa furaha. Zaburi ya 88 huishia gizani, nayo imo katika Biblia. Asiyetaka kuimba, na akae nasi tu.