Tuzibe Nyufa, Jiko Libaki Nje

Mvua zikishakata na mahindi yakaanza kukauka shambani, sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunajua kinachofuata. Juni hadi Agosti ni kipupwe. Usiku wa Julai mjini Njombe joto hushuka chini ya nyuzi 10, na kule Kitulo, kwenye uwanda ulio zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, kuna asubuhi ambazo majani ya viazi hukutwa yameungua kwa sakitu. Baridi hii si ngeni kwetu. Hata hivyo kila mwaka hutukuta milango ina mianya, kioo kilichovunjika mwaka jana hakijabadilishwa, na giza likiingia dawa pekee tunayoikumbuka ni kuingiza jiko la mkaa chumbani.

Ndugu zangu wa Njombe, Makete, Mufindi na Mbeya, ombi langu ni hili: mwaka huu tutayarishe nyumba mapema, kwa vitu vilivyopo, ili usiku jiko lisiwe na kazi chumbani.

Tuanze na upepo. Wakati wa kipupwe unaovuma ni kusi, nao hutoka kusini-mashariki. Kwa hiyo kama fedha au muda ni kidogo, shughulikia kwanza milango na madirisha ya upande huo. Lowesha kiganja, kipitishe taratibu kando ya fremu. Penye ubaridi wa ghafla ndipo upepo unapoingilia. Nyufa za ukuta zikandike kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga kidogo, kama wazee walivyofanya, kwani unashika vizuri na hauuzwi. Chini ya mlango laza mfuko mwembamba ulioshonwa kwa mguu wa suruali kuukuu na kujazwa mchanga au maranda. Huku kwetu hakuna upungufu wa maranda. Viwanda vya mbao vya Mafinga na Njombe vina marundo yake. Kwa dirisha lisilo na kioo itatosha nailoni nzito iliyobanwa kwa vipande vya mbao pande zote nne.

Jua nalo tulitumie vizuri zaidi. Kwa kuwa tuko kusini mwa ikweta, Juni na Julai jua la mchana hukaa upande wa kaskazini. Fungua madirisha ya upande huo na uvute mapazia kuanzia saa nne asubuhi, jua liingie hadi sakafuni, unyevu utoke, godoro na mablanketi yapate joto. Ifikapo saa kumi jioni funga kila kitu kabla hewa haijapoa. Wengi wetu hufanya kinyume: mchana kutwa nyumba imefungwa kwa sababu watu wako shambani, na jioni mlango uko wazi hadi saa mbili.

Mabati hupoa haraka sana usiku ukiwa hauna mawingu, ndiyo maana alfajiri hudondosha matone juu ya kitanda. Asiyeweza kununua singibodi mwaka huu na ashone magunia ya salfeti pamoja, ayatandaze chini ya kenchi na kuyakaza kwa kamba, chumba cha kulala tu. Jikoni usiweke, maana yanashika moto upesi. Na hata chumbani, kibatari na mshumaa vikae mbali nayo. Kitanda nacho kisogeze kutoka ukuta wa nje, kisha tandika maboksi yaliyokunjuliwa kati ya chaga na godoro. Mtu huongeza blanketi la tatu juu huku baridi inampata kutoka chini. Sweta na mablanketi ya mitumba yanunuliwe Mei, yafuliwe na kuanikwa juani kabla hayajahitajika.

Sasa jiko, na hapa nawasihi kwa moyo wote. Mkaa unapowaka hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na mkaa uliokolea bila moshi unaitoa vilevile. Ikiingia mwilini hung'ang'ania damu kwa nguvu inayopita ya oksijeni zaidi ya mara 200, ndiyo maana mtu husinzia, akalala, asiamke. Beseni la maji kando ya jiko halisaidii, kwa kuwa hewa hiyo haiyeyuki vya kutosha ndani ya maji. Kunywa maziwa hakuisafishi damu. Na nyumba uliyoiziba vizuri ndiyo hatari zaidi ukiingiza jiko. Basi mambo haya mawili yaende pamoja: ukiziba nyufa, jiko lilale nje, na jikoni penye moto paachwe wazi juu moshi utoke. Mkiamka na maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu chumbani mlimokuwa na jiko, tokeni nje wote mara moja na muende hospitali, hata kama mnajiona mmepata nafuu.

Kuna nyumba ambazo maneno haya hayatazifikia, au yatafika na kukosa mikono ya kuyatenda. Mkoani Njombe Ukimwi uliwaachia bibi wengi mzigo wa kulea wajukuu peke yao. Bibi wa miaka 75 hawezi kupanda kenchi wala kubeba udongo wa kichuguu. Vijana wa bodaboda, vikundi vya vikoba, kwaya, madrasa, wenyeviti wa vitongoji na mabalozi wa nyumba kumi: pangeni msaragambo wa Jumamosi moja tu kabla Juni haijafika. Watu sita wenye udongo, nailoni, misumari na magunia wanaweza kuhudumia nyumba kadhaa kwa siku. Mwenye duka la mbao atoe mabanzi yanayooza uani kwake. Walimu wa shule za bweni wapite mabwenini usiku kabla ya wanafunzi kulalamika.

Kila mmoja wetu anaijua nyumba moja ya aina hiyo mtaani kwake. Nenda kabishe hodi wiki hii, uliza mlango upi unapitisha upepo, na uliza pia jiko linalala wapi.