SAUTI YA SHEIKH SI YA SHEIKH



Ndugu zangu katika imani, mwezi uliopita mama mmoja wa hapa Mtwara, mtu mzima, alinijia baada ya Alasiri. Amepokea sauti kwenye simu, sauti ya sheikh anayeheshimika, anaomba mchango wa madrasa. Akatuma shilingi 30,000, fedha yake ya korosho. Sheikh mwenyewe alipoulizwa akaapa hajui lolote. Sauti ile imetengenezwa na akili mnemba.

Wapo watakaoniambia: "Sheikh, hiyo ni Dajjal, tuizime tu." Ndugu yangu, huizimi. Simu unayoandikia maneno hayo inayo ndani. Na wapo vijana wetu wanaiuliza mashine mambo ya talaka na mirathi kisha wanakuja kubishana nami mimbarini. Hao nina maneno nao siku nyingine.

Leo nataka tuseme na serikali yetu, kwa adabu. Imefanya jambo jema: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kazi Mei 2023, na Tume yake Rais Samia aliizindua Aprili 2024. Ndani ya sheria hiyo mtu ana haki ya kutaka uamuzi unaomgusa usifanywe na mashine peke yake. Wangapi kati yenu mlilijua hili? Basi lijueni. Siku hizi mkulima wetu jina lake liko kwenye mfumo, salfa ya ruzuku kwa mfumo, korosho inauzwa mnadani kwa mtandao. Siku mfumo ukimkataa, aambiwe na mtu, kwa Kiswahili, amekataliwa kwa nini. Taarifa za watu ni amana. Aliyepewa amana ataulizwa, awe waziri au karani.

Lakini sheria yetu inafika Kilambo, pale kwenye kivuko cha Ruvuma, inasimama. Ng'ambo ni Msumbiji. Ndugu zetu Wamakonde wako pande zote mbili, wanaoana, wanazikana, na mwizi wa sauti naye anaweza kukaa ng'ambo, au mbali zaidi ya hapo, na asishikike. Ndiyo maana nasema nchi moja haiwezi peke yake.

Novemba 2023 mataifa 28 na Umoja wa Ulaya walikutana Uingereza, Bletchley, wakakubaliana kuhusu hatari za akili mnemba. Kenya walikuwepo, Rwanda walikuwepo, Nigeria pia. Saudia na Imarati walikuwepo. Jina la Tanzania halimo. Umoja wa Afrika nao ulipitisha mkakati wake Julai 2024, na UNESCO ina mapendekezo ya maadili tangu 2021, yaliyokubaliwa na nchi wanachama 193. Hayo mawili yanatuhusu. Ila karatasi iliyokubaliwa Paris au Accra haimlindi mama yule mpaka polisi wa Mtwara na wa Palma wawe na njia ya kusaidiana, na kampuni inayotengeneza mashine za sauti iwajibike hata kama mlango wake uko Marekani.

Tukae kwenye meza hizo, tena twende na Kiswahili chetu. Sauti zetu zinatumika kuzifundisha mashine hizi, basi tuulizwe kwanza.

Nasi Waislamu tuna amri ya kuhakiki habari, Suratul Hujurat aya ya 6, kabla hapajakuwa na mtandao. Tunaisoma kwa tajwidi nzuri, kisha tunasambaza kila kinachoingia kwenye grupu.

Kuanzia Ijumaa hii, mchango wowote wa msikiti wetu utatangazwa mbele ya jamaa baada ya swala, na kamati itaandika kwa mkono. Ukisikia sauti yangu kwenye simu inaomba fedha, usitume. Njoo nyumbani, uniulize uso kwa uso.

Wabillahi tawfiq.