Kamba Kwanza, Shoka Baadaye

Kutoka Diani hadi Msambweni si ajabu kuona mnazi mkongwe umeinamia paa la nyumba. Mwenye nyumba asidhani kwamba fundi wa shoka ataugeuza kwa ustadi wake tu: mti huanguka upande unaoelemewa na uzito wake.

Hapana budi kamba itangulie. Mkwezi, baada ya kuhakikisha kwamba shina halikuoza, hupanda akashusha nazi na kupunguza makuti, kisha akafunga kamba karibu na kilele. Maana kadiri ifungwavyo juu, ndivyo nguvu ndogo itoshavyo kuuvuta mti. Kamba ielekezwe penye uwazi, nayo iwe ndefu kuliko mti, usije ukawaangukia wavutaji.

Mabaharia wa majahazi waijua kazi ya kapi. Likifungwa penye shina la mti mwingine hugeuza njia ya kamba tu, watu wakavuta wakiwa kando. Likifungwa kwenye kile kinachovutwa, nguvu za watu wanne hukaribia za wanane. Winchi hupita hapo, kwani huizuia kamba isirudi nyuma.

Kamba hukatika pabovu; basi ikaguliwe yote kabla ya kazi. Ikisha kukazwa, mtu asiivuke, kwani ikikatika huchapa kama mjeledi. Na mti ukikwama juu ya mwenziwe, asipite mtu chini yake: shina livutwe nyuma kwa winchi mpaka mti ulale. Mnazi waweza kupandwa mwingine, bali mtu aliyepondwa hana badala yake.